Askari Gongo wa Mapafu

Kabla hujafungua ukurasa mwingine, hebu vuta pumzi. Vuta tu, hakuna anayekutazama. Hewa hiyo imepita puani, ikateremka kooni, ikaingia katika bomba kubwa la hewa. Bomba nalo limegawanyika mara mbili, kisha mbili tena, na tena, kama matawi ya mwembe, mpaka kwenye vifuko vidogo ajabu ambamo oksijeni huingia damuni. Haya sote tulifundishwa tukayachora. Mimi mchoro wangu ulikuwa mzuri kweli, nikapata alama zote.

Lakini kuna swali ambalo mchoro ule haukunijibu. Dada yangu mdogo ana pumu. Jioni moja mama aliwasha jiko la makaa, likatoa moshi kidogo tu. Mimi niliyekuwa nikipepea jiko sikukohoa hata mara moja. Dada aliyekuwa mlangoni akaanza kupumua kwa mluzi, kifua kikambana, ikabidi atafutiwe inhela mbio mbio. Moshi ni ule ule mmoja. Je, ni nani humo kifuani mwake aliyepiga kamsa?

Kumbe mapafu yana askari gongo wake. Utando unaofunika njia za hewa kwa ndani umejaa seli za kila aina. Zipo zenye vinyweleo vya kufagia vumbi, zipo za kutengeneza makohozi. Katikati yao wamejificha wachache sana, hata moja katika kila mia hawafiki. Hawa huitwa seli za nyuroendokrini, jina refu kama treni ya mizigo, lakini maana yake si ngumu. Seli hizi hufanya kazi mbili: zinahisi na kupeleka habari kama neva, tena zinatoa kemikali kama tezi za homoni. Ni kama mwalimu wa zamu ambaye kengele pia anaipiga mwenyewe.

Daktari Mwaustria, Friedrich Feyrter, alieleza mwaka wa 1938 kuhusu seli za rangi hafifu zilizotawanyika katika viungo vya mwili, zikifanya kazi ya tezi bila ya kuwa tezi. Mwaka wa 1972 Lauweryns na wenzake wa Ubelgiji wakaeleza jinsi katika mapafu ya wanyama mbalimbali wanaonyonyesha, seli hizi hukaa kwa vikundi, na kila kikundi kimefungwa na nyuzi za neva.

Na vikundi hivyo hukaa wapi? Hapa ndipo niliposhangaa. Hupenda kukaa kwenye njia panda, pale bomba moja linapogawanyika kuwa mawili! Askari wa trafiki anajua siri hiyo: anayetaka kukagua kila gari husimama pale barabara zinapokutana. Tena katika utafiti uliotolewa mwaka wa 2015, ilionekana kuwa ndani ya kijusi cha panya seli hizi hutambaa zenyewe, zikipenya baina ya jirani zao, mpaka zikakutana kwenye njia panda. Hakuna aliyezionyesha njia kwa kidole.

Ndani ya kila seli mna vifuko vidogo vyenye serotonini na kemikali nyingine. Oksijeni ikipungua, au kitu kibaya kikiingia, vifuko hupasuka na habari huenda kwa neva na kwa majirani. Mwaka wa 2024 watafiti wa Marekani walieleza kuwa zile za kooni na kwenye bomba kubwa huhisi hata maji yaliyopotea njia, zikamfanya mnyama ameze au ayafukuze kwa pumzi. Wewe uliyewahi kupaliwa na chai wakati wa mapumziko, unajua faida ya jambo hilo.

Sasa turudi kwa pumu. Mwaka wa 2018 Xin Sun na wenzake huko Marekani walitoa habari za panya ambao mapafu yao hayakuwa na seli hizi. Walipovutishwa vitu vya kuchokoza pumu, makohozi yao yalikuwa machache kuliko ya panya wa kawaida, na seli za kinga zilizokimbilia mapafuni zilipungua pia. Kwa panya wa kawaida, kemikali moja ya askari hawa iliziita seli za kinga, na nyingine ikaongeza makohozi. Na mapafu ya watu wenye pumu yalipochunguzwa, askari walikuwa wengi kupita kawaida. Sisemi pumu yote inatoka kwao, la, sababu zake ni nyingi.

Pia kuna jambo la kutisha. Kikulacho ki nguoni mwako, na askari naye aweza kugeuka jambazi. Saratani ya mapafu ya seli ndogo, ambayo ni kama 15 kwa kila wagonjwa 100 wa saratani ya mapafu, mara nyingi huanzia katika seli hizi hizi. Husambaa upesi sana, na karibu wote wanaoipata ni watu waliovuta sigara. Wale wanaojificha nyuma ya choo na vipande vya sigara wanasikia?

Nilimweleza dada haya yote. Akanisikiliza kimya, kisha akauliza, "Kwa hivyo askari wangu ni wengi na ni waoga?"

Nikamwambia huenda ikawa hivyo.

"Basi wengine wafutwe kazi," akasema, akaenda zake kucheza.