Aina za Maneno: Tatizo la Mwanafunzi wa Kaaga

Mgawanyo wa maneno katika aina nane, ulioasisiwa na Wayunani, ndio uliofuatwa na vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza shuleni. Huko Kaaga, Meru, ambako Wamethodisti walianzisha misheni mwaka 1912, mgawanyo huo humkuta mwanafunzi aliyelelewa katika Kimeru. Katika Kimeru, kama katika Kiswahili, neno hujitambulisha kwa umbo lake: “muntu” ni mmoja, “antu” ni wengi. Kiingereza hutegemea zaidi nafasi. “Water” katika “cold water” ni nomino; katika “water the maize” ni kitenzi, ilhali umbo halikubadilika. Kiswahili hakigeuzi “maji” kuwa kitenzi, hutumia “mwagilia”. Kwa hiyo fasili isemayo kwamba nomino ni jina la kitu haimfai mwanafunzi huyo, kwani maji ni kitu katika sentensi zote mbili. Yafaa mwalimu aanze na nafasi ya neno katika sentensi, ndipo aitaje aina yake. Asipofanya hivyo, tofauti ya lugha mbili itahesabiwa kuwa uzito wa akili, na mtoto atanyimwa alama kwa kosa lisilo lake.