Je, Wajua? Kwa Wajapani, "Muda" Ni Upotevu

Kwa Kijapani, neno "muda" maana yake ni upotevu! Taiichi Ohno wa Toyota alitaja aina 7 za upotevu huo, kusubiri kukiwamo. Basi gunia la alizeti linalongoja zamu mbele ya mashine ya kukamua mafuta pale Singida ni muda kwa lugha zote mbili.

Dawa ya kuanzia dhidi ya upotevu huo ni S tano, yaani hatua tano za kupanga mahali pa kazi, na Kiswahili kimezipata zote kwa herufi S: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kusasambua ndiko kugumu: unaondoa kila kisichotumika, hata ulichokizoea. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia S hizo tano mwaka 2007, kwa msaada wa Japani.

Wewe anza kesho, na droo moja tu ya meza yako.