Apleti za Java: Menyu na Vitufe Visivyoitika

Apleti ni programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Java, isiyojitegemea bali inayopakiwa ndani ya ukurasa wa tovuti na kuendeshwa na kivinjari cha msomaji. Neno lenyewe limetoholewa kutoka Kiingereza, ambako kiambishi tamati cha udogo kimeongezwa kwenye neno lenye maana ya programu. Kiswahili kingeweza kuibeba dhana hiyo kwa kiambishi awali, na kusema kijiprogramu. Hata hivyo, mfasiri atakuwa salama zaidi akitumia umbo lililotoholewa, kwa kuwa kijiprogramu chaweza kuwa programu yoyote ndogo, ilhali apleti ni ya Java pekee na makao yake ni ukurasa wa tovuti. Apleti isichanganywe na JavaScript, ambayo ni lugha nyingine kabisa iliyoazima sehemu ya jina.

Kampuni ya Sun Microsystems ilipoizindua Java mwaka 1995, kurasa nyingi za intaneti zilikuwa maandishi na picha zisizosogea. Apleti zilileta mambo mageni: kitufe kinachong'aa kishale cha kipanya kinapokipitia, na menyu inayofunguka kama pazia. Programu ya Microsoft FrontPage 98 ilimwezesha hata mtu asiyejua kuandika msimbo kuweka vitufe vya namna hiyo, vikiendeshwa na mafaili mawili, fphover.class na fphoverx.class. Tovuti nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilijengwa hivyo, na baadhi yake hazikuwa na njia nyingine ya kufikia kurasa za ndani. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kitufe kikifa, makala, orodha za maneno au masomo yaliyo nyuma yake hubaki kwenye seva yakiwa mazima, lakini hayana mlango.

Dalili ya kawaida ni kisanduku cha kijivu mahali ambapo kitufe kilipaswa kuwa. Kisanduku hicho huonyesha kwamba kivinjari kimeisoma lebo ya apleti na kutenga nafasi yake, lakini faili la msimbo halikupatikana au halikuweza kuanzishwa. Palipo na Java inayofanya kazi, jibu hutafutwa kwanza kwenye konsoli ya Java, kwa kuwa ujumbe wake ni mahususi kuliko kisanduku bubu.

Ujumbe wa ClassNotFoundException maana yake ni kwamba faili halipo mahali lilipotajwa. Sifa ya "code" hutaja jina la faili, na sifa ya "codebase" hutaja folda. Ukurasa ukihamishiwa folda nyingine huku "codebase" ikiendelea kusema "folda hii hii", apleti itatafutwa mahali ambapo haijawahi kuwekwa. Kosa lililowasumbua wengi zaidi ni la herufi kubwa na ndogo. Kompyuta ya Windows huyahesabu Menyu.class na menyu.class kuwa faili moja, lakini seva nyingi hutumia mifumo ya jamii ya Unix, ambayo huyahesabu kuwa mafaili mawili tofauti. Ndiyo maana ukurasa uliofanya kazi vizuri nyumbani kwa mwandishi wake ulikufa mara tu ulipopandishwa kwenye seva. Wala haisaidii kulipa faili jina jipya ili lifanane na lililoandikwa kwenye ukurasa: jina la klasi limehifadhiwa ndani ya faili lenyewe, na majina hayo mawili yakipingana Java hukataa kuendelea. Kinachopaswa kurekebishwa ni ukurasa.

ClassFormatError ni ugonjwa mwingine. Hapa faili limepatikana, lakini limeharibika. Mara nyingi lilitumwa kwenye seva kwa njia ya maandishi badala ya njia ya baiti, na programu ya kutumia mafaili ikabadilisha alama za mwisho wa mstari ndani ya msimbo usio na mistari. Kila faili halali la klasi huanza kwa baiti nne ambazo kwa tarakimu za msingi wa 16 husomeka CAFEBABE. Kulinganisha ukubwa wa faili la kwenye seva na ule wa faili la asili hutosha kuufichua uharibifu huu, na tiba yake ni kulituma upya.

UnsupportedClassVersionError huja pale msimbo ulipotayarishwa kwa toleo jipya la Java kuliko lile alilonalo msomaji. Hali ya kufanana na hiyo iliwapata watumiaji wa Internet Explorer, ambayo Java yake ya asili ilisimama kwenye ngazi ya 1.1, hivyo menyu zilizotumia vipengele vya toleo la 1.2 hazikuonekana kwao mpaka waongeze programu-jalizi ya Sun.

Vipo pia vitufe vinavyoonekana vizuri lakini vinampeleka msomaji kusikotakiwa. Kila kitufe kikifungua dirisha jipya, yafaa kukagua jina la fremu lililotajwa kwenye vigezo. Fremu isiyokuwepo hufanya kivinjari kifungue dirisha jipya kwa jina hilo.

Kwa wafasiri, eneo linalohitaji uangalifu ni vigezo, yaani lebo za "param" zilizo ndani ya lebo ya apleti. Kila kigezo kina jina na thamani. Jina ni mali ya mtengenezaji wa programu na halifasiriwi kamwe. Anayegeuza "text" kuwa "maandishi" huifanya apleti isione chochote. Thamani ya maneno yanayosomwa juu ya kitufe ndiyo inayofasiriwa, na thamani ya anwani huachwa ilivyo. Hapo Kiswahili huleta mitego yake miwili. Wa kwanza ni ritifaa ya ng'. Thamani ikiwa imezungushiwa alama moja ya kunukuu, kitufe cha "Habari za ng'ambo" kitasomeka "Habari za ng", kwa sababu kivinjari hudhani ritifaa ndiyo mwisho wa thamani. Alama mbili za kunukuu huondoa tatizo hilo. Ritifaa iliyopinda, inayowekwa yenyewe na programu za kuandikia, nayo yaweza kugeuka kiulizo au kisanduku. Iliyonyooka ni bora.

Mtego wa pili ni upana. Apleti hupewa vipimo vya pikseli visivyobadilika, vilivyokatwa kwa kadiri ya neno la Kiingereza. "Home" ina herufi nne. "Ukurasa wa Mwanzo" haitoshei hapo, na mwisho wake hukatwa pasipo onyo. Mfasiri ana hiari ya kuongeza thamani ya "width" au kutumia "Mwanzo" peke yake, na uamuzi wa pili kwa kawaida ndio wa busara, hasa vitufe vikiwa vimepangwa safu moja.

Marekebisho haya yote yanadhani kwamba msomaji bado ana kivinjari kinachoendesha apleti, na leo dhana hiyo haisimami. Kuanzia Januari 2014, Java 7 toleo dogo la 51 ilizizuia kwa kawaida apleti zisizo na saini ya kidijitali, na vitufe vya zamani havikuwa nayo. Chrome iliacha kabisa programu-jalizi za aina hiyo mwaka 2015, Firefox ikafuata Machi 2017, na Java 11, iliyotolewa Septemba 2018, haikuja tena na programu-jalizi ya kivinjari. Kuwashauri wasomaji wapunguze kiwango cha usalama cha kompyuta zao ili waone kitufe king'aacho ni ushauri mbaya.

Njia inayodumu ni kuutoa ujumbe ndani ya apleti. Mwenye tovuti hufungua msimbo wa ukurasa, huorodhesha thamani za maneno na anwani, kisha huandika viungo vya kawaida vya HTML. Iwapo vigezo havionyeshi anwani yoyote, huenda menyu inasoma faili la maandishi lililo kwenye folda ile ile. Na kama hata hilo halipo, zana ya javap inayokuja na vifaa vya watayarishaji wa Java huweza kuonyesha maneno yaliyofungiwa ndani ya faili la klasi. Pasipo muda wa kuijenga upya tovuti nzima, viungo hivyo huweza kuandikwa kati ya lebo ya kufungua na ya kufunga apleti. Vivinjari vya sasa, kwa kuwa havitambui tena lebo hiyo, huonyesha kilichomo ndani yake kama maandishi ya kawaida, na kurasa zilizofichika hufikika siku hiyo hiyo. Kwa anayetaka kukiona kitufe chenyewe kikifanya kazi, pengine kwa utafiti au kwa kumbukumbu, ipo CheerpJ, inayoiendesha Java ndani ya kivinjari bila programu-jalizi.