Chungu Kinachotoka Jasho

Watoto, tazameni soko wakati wa jioni. Mama mmoja ameketi mbele ya kikapu chake tangu asubuhi. Alileta tomati na lengalenga. Ameuza nusu, na nusu imebaki. Sasa atafanya nini? Nyumbani hana frigo, na jirani aliye na frigo anangoja umeme usiokuja kila siku. Kesho kutwa tomati zitalainika, majani yatakuwa manjano, na franga alizotoa kuvinunua zitakuwa zimepotea. Kwa hiyo akina mama wengi huuza jioni kwa bei ya hasara, kusudi wasitupe. Na franga zile ndizo za unga, za sabuni na za madaftari yenu.

Leo nitawaonyesha namna ya kutunza mboga kwa vyungu viwili, mchanga na maji. Hapana mashini, hapana umeme. Lakini kwanza tufahamu sababu yake. Mtu asiyefahamu sababu ataharibu kazi, kama nilivyoiharibu mimi.

Loweka mkono mmoja katika maji, na wa pili uuache mkavu. Sasa puliza juu ya mikono yote miwili. Mkono gani unasikia baridi zaidi? Ni ule wenye maji. Lakini pumzi ilikuwa moja! Tena, wale waliokwisha kuchomwa sindano wanaikumbuka ile pamba yenye alkoli: kabla ya sindano yenyewe wanasikia baridi pale ngozini. Sababu ni ileile. Maji yanapokauka hayapotei. Yanageuka mvuke na kuingia katika hewa. Kusudi yageuke mvuke, lazima yapate joto. Jikoni yanalipata kwa makala. Juu ya mkono wako hakuna makala, basi yanachukua joto la mkono wenyewe. Mkono ukinyang'anywa joto lake, unapoa.

Joto hilo si kidogo. Chunguzeni sufuria juu ya mbabula. Kama maji yameanza kuchemka baada ya dakika 10, na makala yanaendelea kuwaka vilevile, itapita zaidi ya saa 1 mpaka sufuria ikauke kabisa. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke, imechukua joto ambalo lingeweza kuchemsha karibu lita 7 za maji ya baridi. Basi maji yanayokauka ni mwizi mkubwa wa joto, na sisi tutamtuma mwizi huyo akatuibie joto la chakula chetu.

Wafinyanzi wanaijua kazi hiyo tangu zamani. Mtungi wa udongo uliochomwa vizuri unaonekana kama hauna tundu, lakini umejaa vitundu vidogo sana ambavyo macho hayawezi kuviona. Maji yanapita humo polepole, na nje ya mtungi panakuwa na unyevu. Mtungi unatoka jasho! Upepo unaukausha unyevu ule, joto linatoka katika mtungi, na maji ya ndani yanakuwa ya baridi. Ndoo ya plastiki haitoki jasho, kwa hiyo maji yake yana joto sawa na hewa ya nyumbani. Lakini angalieni: maji ya baridi si kusema ni maji safi. Maji ya mto yachemsheni kwanza, yapoe, ndipo yatiwe katika mtungi.

Sasa nieleze kosa langu. Nilinunua mtungi mpya mzuri kwa mama mzee mmoja mfinyanzi. Nikaona udongo mtupu haupendezi nyumbani. Nikachukua rangi ya mafuta, iliyobaki tulipopaka milango, nikaupaka mtungi mzima rangi ya buluu. Ulipendeza kweli. Lakini baada ya siku mbili maji yake yalikuwa na uvuguvugu. Nikarudi kwa yule mama kumwambia kwamba mtungi wake ni mbaya. Akaja akautazama, akacheka mpaka akaketi chini. «Baba,» akasema, «umemziba pua, naye atapumuaje?» Nilisoma miaka mingi mimi, na mama yule hajui kusoma hata jina lake.

Basi turudi kwa vyungu viwili. Katika Nigeria ya kaskazini alikuwako mwalimu mmoja, Mohammed Bah Abba, mtu wa jamaa ya wafinyanzi. Katika miaka ya 1990 alichukua chungu kidogo akakitia ndani ya chungu kikubwa, akajaza mchanga wenye maji katikati yao, akafunika juu kwa kitambaa chenye maji. Alieleza kwamba mbiringani zilizokuwa zikioza baada ya siku 3 zilikaa siku 27 katika vyungu vyake. Watoto wa kike waliokuwa wakitumwa kila siku kuzungusha mboga kabla hazijaoza, wakapata nafasi ya kwenda shule. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo.

Ninyi pia mnaweza kufanya hivyo. Tafuteni vyungu viwili vya udongo mtupu, bila rangi wala mafuta. Chungu cha zamani cha kupikia hakifai, maana mafuta ya chakula yamekwisha kuziba vitundu. Kile kikubwa kiwe na nafasi ya vidole vitatu kuzunguka kile kidogo. Tieni mchanga chini ya kile kikubwa mpaka midomo ya vyungu viwili ilingane, halafu jazeni mchanga kando zote. Mimineni maji juu ya mchanga polepole, mpaka usinywe tena. Wekeni mboga ndani, funikeni kwa kitambaa kilicholoweshwa. Chungu kisimame kivulini, mahali upepo unapopita, juu ya mawe matatu kusudi hewa ipite hata chini yake. Wengine wanakificha pembeni mwa nyumba nyuma ya mlango. Hapo kitafanya kazi kidogo sana. Maji ya mchanga yaongezwe asubuhi na jioni. Vitundu vikianza kuzibika baada ya miezi, sugueni nje kwa burashi na maji, bila sabuni.

Je, kinafaa po pote katika Kongo? Hapana. Huku Katanga, mwezi wa 9, hewa ni kavu na jua ni kali, nacho kinapoa vizuri. Lakini katika mwitu wa Kisangani, au hapa kwetu mvua zikinyesha kila siku, hewa imekwisha kujaa mvuke. Kitambaa kilicholowa hakiwezi kupangusa meza yenye maji. Vivyo hivyo hewa iliyojaa mvuke haiwezi kupokea mvuke mwingine mwingi. Kama mnataka kujua chungu kitafanya kazi siku gani, tazameni nguo zilizoanikwa. Zikikauka upesi kivulini, chungu nacho kinapoa.

Tena chungu hiki si frigo. Tomati, karoti, pilipili na majani vinakaa vizuri. Nyama, samaki mbichi na maziwa visikae humo mkidhani ni salama, maana baridi yake haitoshi kuzuia viozo, na tumbo litawauma vibaya.

Yule mama wa tomati, jirani yetu, alianza na jozi moja ya vyungu kiangazi kilichopita. Jioni ya kwanza hakuamini. Alitia tomati nne tu ndani, na nne akaziacha juu ya meza. Siku ya sita akazipanga mbele ya mlango wake, nne na nne, watu wakapita wakatazama. Sasa ana jozi tatu chini ya mwembe, na watoto wake wanagombana kila asubuhi nani atie maji kabla ya kengele ya shule.