Mjomba Anayelipa Ada

Hadithi nyingi mlizozoea huanza na sungura na fisi. Hii inaanza na Ujerumani mbili. Naam, mbili! Ya Magharibi, yenye makao yake Bonn, na ya Mashariki, na kila moja ikijiita ndiyo Ujerumani halisi. Bonn ilitoa onyo kwa dunia nzima: atakayeitambua Mashariki, urafiki wetu naye umekwisha.

Sasa njooni kwetu. Tarehe 26 Aprili 1964, Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Tanganyika ilikuwa rafiki wa Ujerumani Magharibi, ambayo iliahidi kutufundishia marubani na wanamaji. Zanzibar nayo, baada ya Mapinduzi ya Januari, ilikuwa imekwisha kuitambua Ujerumani Mashariki. Nchi ikawa moja, lakini marafiki zake hawapikiki chungu kimoja.

Mwalimu Nyerere akatafuta njia ya katikati. Ubalozi wa Mashariki uliokuwa Zanzibar uondoke, na badala yake wafungue ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, bila nchi yao kutambuliwa rasmi. Bonn haikuridhika. Februari 1965 ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi.

Fikirieni mjomba anayekulipia ada, kisha katikati ya muhula anakuambia: ukicheza na mtoto wa jirani, ada silipi. Wengi wetu tungeomba radhi haraka. Mwalimu aliwaambia Wajerumani wachukue na misaada mingine yote waliyokuwa wakiipa serikali.

Mimi huipenda sana sehemu hii, lakini nisiwadanganye: jeshi la anga halijengwi kwa ushujaa wa maneno. Ndege zinahitaji marubani, mafundi na vipuri. Waliokuja kushika kazi ile ni Kanada, nchi tajiri lakini isiyokuwa na koloni Afrika.

Mwaka ule ule, mtihani mwingine. Novemba, Ian Smith na walowezi wenzake wa Kizungu huko Rhodesia, koloni la Uingereza ambalo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe, Waafrika walio wengi wakiachwa nje. Uingereza haikuwazima. Desemba, Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza, na mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tukiungojea ukazuiwa. Hapo hasara iliuma kweli. Miaka miwili haikupita, likatoka Azimio la Arusha, Februari 1967, likisisitiza kujitegemea.

Je, tuliacha kupokea misaada? Hata kidogo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Zambia, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kuukataa mradi huo. Silaha nyingi nazo zikaanza kutoka China. Wapo wanaosema tulibadili mjomba tu. Hawakosei kabisa, ila wanasahau kwamba miaka hiyo hiyo Sweden, Kanada na wengineo walikuwa wakitusaidia pia, na China haikutuchagulia nani tumkaribishe sebuleni.