Kupanda Mtarakwa Nyumbani

Ninyi mkaao penye baridi, Usambara au milima ya Kenya, mwaujua mtarakwa kwa nguzo zake zisizoliwa upesi na mchwa. Kuukata twajua sana, hata penseli zilitengenezwa kwao zamani. Kuupanda ndiko tulikosahau. Basi, tafuteni mti jike, maana dume hauzai. Chumeni matunda yaliyogeuka rangi ya buluu, yapondeni, osheni nyama yake, kisha pandeni mbegu kitaluni chini ya kivuli. Mvua zianzapo, uhamisheni mche mbali na nyumba, kwa kuwa waweza kupita futi 100. Palilieni kandokando yake: gome ni jembamba, na moto wa majani huuua. Hukua polepole mno. Mwenye haja ya kuni upesi na apande mti mwingine.