Jiwe la Ndarugo, Ukuta wa Jirani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia udongo. Leo tushukie Juja, kati ya Ruiru na Thika, tuingie machimbo ya Ndarugo. Kuta nyingi za miji hii miwili zimetoka humo.

Jiwe hili ni majivu ya volkano yaliyogandamana tangu kale, laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno wa mashine. Halichomwi. Hapo ndipo linapoachana na saruji, ambayo mawe yake ya chokaa hupikwa tanuruni kwa nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi, na ambayo kote duniani huchangia asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Jiwe la Ndarugo linadai dizeli ya kulikata na ya lori, basi. Ila nisilipambe: machimbo yakishaachwa wazi hujaa maji ya mvua, yakawa mtego kwa watoto.

Kinachoniudhi ni matumizi. Kwenye ghorofa za kupangisha, nguzo za zege ndizo zibebazo mzigo. Jiwe linaziba nafasi tu, kisha linafunikwa plasta ndani na nje. Nyumba isiyo na ghorofa, yenye msingi imara, inaweza kubebwa na ukuta wenyewe wa inchi tisa. Tena mafundi wetu hawaonei huruma saruji ya mwenye nyumba. Mchanga uliochanganywa na chokaa hushika kwa upole: siku ya kubomoa, jiwe hutoka zima, likasafishwa na kujengewa kwingine. Saruji ikizidi, jiwe ndilo livunjikalo.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ya 2019, 490,120. Watu hawa watalala wapi? Ploti tunayoidharau ina hesabu nzuri. Vyumba kumi vilivyotengana vinataka kuta 40. Vikipangwa safu moja, kila kimoja kikiegemea jirani yake, kuta ni 31. Tangi la maji ni moja, ua wa kuanikia nguo ni mmoja. Aibu ya ploti haitokani na kushirikiana ukuta, inatokana na mwenye nyumba anayewapa wapangaji wa vyumba hivyo vyote choo kimoja, kisha akaujengea ua nao ili apate kodi mbili zaidi.

Wiki ijayo tutapanda juu ya kuta hizo: mabati, joto la mchana na maji ya mvua.